Vidole vya Chapuchapu Visikatwe Jumatatu

Mgeni rasmi, umetusalimia kwa kutupungia. Tumeyaona macho yako yalipofika kwenye mikono yetu yakahamia darini. Si neno, dari nalo limepakwa rangi kwa heshima yako.

KARIBU
Karibu chumba cha minofu. Glavu tulizovaa ni nzuri mno. Tumegawiwa leo saa mbili, na msimamizi ameagiza tuzirudishe ukishaondoka, zisichakae.

HISTORIA
Tunapara samaki hapa mwaka wa kumi na moja. Mwiba unakuchoma, unauchomoa, kazi inaendelea. Wiki ya tatu kinaota kijipu, kisha kingine juu yake, vinapanda mkono kama shanga. Miaka minne iliyopita tulimsomea haya mgeni rasmi mwenzako. Alisema, "Nimeyapokea." Hatujui aliyaweka wapi.

MAFANIKIO
Samaki wetu hawajawahi kukosa barafu wala gari.

CHANGAMOTO
Mwenzetu tunayemwita Chapuchapu, kwa wepesi wa kisu chake, amemeza dawa za siku tano mara sita. Maabara ya hospitali ya hapa iliotesha usaha wake, ikautupa siku ya tatu: "Hakuna kitu, dada."

Daktari wa zamu, mgeni hapa kama wewe, alishika kichwa. "Mdudu huyu ni binamu wa kifua kikuu, makazi yake majini. Joto la kabati la kuoteshea la maabara yenu halitaki, na huchukua wiki nyingi kuota. Dawa zake humezwa mbili kwa pamoja, miezi kadhaa."

Mpasuaji naye ana lake: Jumatatu anakata vidole viwili. "Sampuli ikipokelewa maabara kuu," alisema, "nitaweka kisu chini, dawa zianze."

Tukaomba gari la kiwanda. Meneja akajibu, "Hilo ni la samaki, mama."

OMBI
Hatuombi jengo. Kisanduku cha baridi kilichopo miguuni pa Chapuchapu, pale mbele, kina sampuli na barua ya daktari. Maabara kuu na ofisi yako zinatazamana. Dereva wako tumeshamuuliza: "Bosi akikubali, mimi nina shida gani?"

Mola akujalie afya, na mikono mizima ya kushikia vyeo. Hotuba yako tutaisikiliza hata ikiwa ndefu. Ila kwanza inuka, kichukue kisanduku, umkabidhi dereva. Sasa hivi. Tunasubiri tumesimama.

Ni sisi,
Wapara Samaki wa Chumba cha Minofu