Profe Eneida, Aliyekataa Mwili Baridi Uguse Chuma

Ijumaa tarehe 28 Novemba, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha kunyanyua vyuma hapa Villa Rica, mwalimu wetu, Profe Eneida Balanta, anastaafu. Wengi mtakaosoma ukurasa huu mlipita mikononi mwake, na wengine ni wazazi wetu sisi tunaouandika.

Profe alianza na ukumbi usio na dirisha na fimbo moja ya chuma iliyopinda. Wasichana wa kwanza walijifunza kwa mipini ya fagio, huku mama zao wakiamini kwamba vyuma vingewafanya wasirefuke. Leo tuna majukwaa manne ya kunyanyulia, na wanafunzi wake wameuwakilisha mkoa wetu wa Cauca mara nyingi. Hata hivyo, Profe hakuwahi kujisifia medali. Alijisifia kwamba hakuna mwanafunzi wake aliyetolewa ukumbini amebebwa.

Yeye mwenyewe aliwahi kubebwa. Akiwa binti wa miaka kumi na tisa, alichelewa mazoezini, akaenda moja kwa moja kwenye chuma bila kupasha mwili. Kitu kikakatika begani. Mpaka leo mkono wake wa kulia haupandi juu ya sikio, na nywele huzichana kwa mkono wa kushoto.

Ndiyo maana tunaruka kamba, tunazungusha mabega na nyonga, tunachuchumaa na fimbo tupu, kisha tunaongeza sahani za uzito moja moja. Kabla ya sahani ya kwanza, Profe huita, “Shingo!” Tunainama, naye hupitisha kiganja kuona kama tumetoka jasho. Siku moja mwenzetu Jeferson Viáfara alijimwagia maji ya bomba shingoni. Profe alimgusa, akatikisa kichwa.

“Jasho la baridi nimeligusa kwa maiti tu, mwanangu. Wewe umekufa saa ngapi?”

“Nusu saa hivi, Profe.”

“Basi fufuka, ushike kamba.”

Tulicheka hadi machozi. Lakini Agosti iliyopita, kule Popayán, hakuna aliyecheka.

Yalikuwa mashindano ya kuchagua timu ya mkoa. Yuliza Carabalí, mwenzetu wa darasa la kumi, alikuwa amefanya vizuri raundi ya kwanza. Raundi ya pili ilichelewa, mvua ilikuwa ikinyesha, na baridi ya Popayán si ya watu wa kwetu. Profe alihesabu wanyanyuaji waliobaki mbele ya Yuliza, akampangia muda wa kuanza kupasha mwili upya. Yuliza alikuwa ameshika fimbo tupu tu wakati msichana mmoja alipoumia kifundo cha mkono na kujitoa, na wengine wawili wakaongeza uzito na kusogea nyuma ya foleni. Foleni ikaisha ghafla. Jina lililosomwa lilikuwa la Yuliza, kilo sabini na nane.

Yuliza aliweka fimbo chini, akamgeukia Profe.

“Niende, Profe?”

“Hapana. Vaa sweta, ruka.”

Profe alikimbia kwenye meza ya waamuzi, akaomba uzito uongezwe hadi themanini na mbili. Kwa kuwa uzito mkubwa hunyanyuliwa baadaye, Yuliza angepata dakika chache za kujipasha. Ila uzito ukishapanda haurudi chini. Akishindwa mara tatu, hana matokeo, hana timu, na karo aliyoahidiwa na mkoa inakwenda kwa mwingine.

Kocha wa Popayán alipaza sauti, “Eneida, umechanganyikiwa? Unamtupa mtoto!”

“Themanini na mbili nimeinyanyua mara moja tu, Profe,” Yuliza alisema, huku akilia na kuruka.

“Najua, mama. Ukishindwa ukiwa na mwili moto, mwakani utarudi. Ukishinda ukiwa baridi, sijui kama utarudi. Ruka.”

Mara ya kwanza chuma kilimshinda, kikaanguka nyuma yake kwa kishindo. Sisi kwenye viti vya watazamaji tulishikana mikono hadi vidole vikauma. Mara ya pili kilifika kifuani, kikakaa hapo muda mrefu sana. Kisha kikapanda. Mikono ilinyooka, taa nyeupe za waamuzi zikawaka kumkubali, nafasi ya timu ikawa yake, na Profe, ambaye hatujawahi kumwona akikaa wakati wa mashindano, alikaa sakafuni. Uso wake ulikuwa umepauka. Hapo ndipo tulipojua kwamba alikuwa anaogopa kuliko sisi sote.

Kuanzia Jumatatu, hadi kocha mpya apatikane, Yuliza ndiye atakayetuongoza kupasha mwili. Ameshaomba apewe mtu mwingine. Anasema anaogopa asije akakosea, mtu akaumia. Profe amemjibu, “Kwa sababu hiyo hiyo nimekuchagua wewe.”

Profe Eneida, ahsante kwa kila asubuhi uliyotuchelewesha kushika chuma, na kwa migongo yetu mizima. Tunakutakia usingizi wa kutosha, maji moto ya sukari guru kila alfajiri, na miaka mingi ya kutoogopa kwa ajili yetu. Hofu hiyo sasa tumeipokea sisi. Jumatatu tutaanza polepole.