Mzee Gadiel na Nyuki wa Mashine ya Fotokopi

Tunawaomba radhi wanachama wote wa ushirika wetu wa wafugaji nyuki kwa kuwa hawajaliona jarida hili tangu Pasaka. Sababu imo ndani ya mashine ya fotokopi, na inauma. Kurasa hizi tumezitolea nakala katika duka moja la Levolosi, kwa kuwa mkaguzi wetu wa mizinga, Mzee Gadiel Kaaya, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, na tarehe haisubiri mashine.

Mzee Gadiel aliripoti hapa Kijenge akiwa na baiskeli, kofia ya wavu na chupa tupu ya jemu. Kwa chupa hiyo hiyo hupima utitiri, wale wadudu wadogo wekundu wanaowafyonza nyuki. Huchota nyuki nusu kikombe, yaani kama mia tatu, huwatia chupani pamoja na sukari ya unga, huwatikisa kwa adabu, kisha huhesabu utitiri unaoangukia sahani nyeupe. Nyuki hurudi mzingani wazima, weupe kama watu waliotoka kusaga mahindi, na wenzao huwalamba kwa furaha.

Malkia haruhusiwi kuingia chupani. Aliingia mara moja tu, kwa Mama Resiato wa Kikwe. Mzee Gadiel alipomwona akitoka mweupe pepepe, alivua kofia ya wavu na kumwamkia shikamoo. Nyuki wengine hawakuielewa heshima hiyo. Kesho yake mlinzi wa ofisi alimzuia mzee getini, kwa sababu uso wake uliovimba haukufanana na kitambulisho.

Dada Aika, katibu muhtasi, naye aliwahi kukuta sahani ya sukari laini mezani, akawakorogea wageni chai. Wageni waliomba kikombe cha pili. Mzee Gadiel, ambaye alikuwa hajahesabu, alijaza fomu kwa uaminifu: “Sampuli imenywewa.”

Siku ya Pasaka kundi la nyuki lilipita dirishani na kujenga masega ndani ya mashine yetu. Sote tulitaka liondolewe. Mzee Gadiel alisema hafukuzwi nyuki ambaye hajapimwa. Aprili alipata sifuri. Mei, sifuri. Akabadilisha miwani, Juni, sifuri. Kwa miaka ishirini na tisa hakuwahi kuandika tarakimu hiyo, na msimu uliopita utitiri ulimmalizia Mama Resiato mizinga kumi na mmoja.

Basi saa ya ukutani tuliyomnunulia kama zawadi ya kustaafu ameikataa kwa upole. Anaomba kundi hilo tu lisiloshikwa na utitiri, alipeleke kwake Kikwe, azalishe malkia wa kuwagawia majirani waliobaki na mizinga mitupu. Mwenyekiti, Bwana Lerionka, anashikilia kwamba kilichomo ndani ya mali ya ofisi ni mali ya ofisi. Dada Aika, anayenakili barua kwa mkono koridoni mwezi wa tatu sasa, anasema mzee achukue nyuki, mashine na hata dirisha.

Mzee Gadiel, ahsante kwa kututunzia mizinga yetu. Ukapumzike vyema, magoti yako yakutii, na nyuki wakuume kwa kiasi. Halmashauri yetu ya ushirika inakutana tarehe 6 Julai. Tumeuona mzinga mtupu ambao umekwisha kuufunga kwenye baiskeli, usiufungue. Uamuzi ukitolewa tutakuandikia barua, na kwa vyovyote utakavyokuwa, itaandikwa kwa mkono.