Harub Anaitwa Livu Trinidadi

Baraza iliyo nje ya nyumba yangu, hapa Maskati ndani ya ukuta, haikujengwa kwa ajili ya wanaume wa watu. Marehemu mume wangu aliijenga miye nipate pa kuanikia pilipili. Lakini tangu mwaka huu wa sabini, mlango ulipofunguliwa na watu wakaanza kurudi Omani kwa wingi, pilipili naanika juu ya dari, na baraza imeliwa na wazee watatu waliotoka Unguja na hawajapata kazi. Wanakuja jua likishapanda. Miye nakaa ndani, nusu ya mlango nimeirudisha, birika la kahawa mbele yangu, na vikombe navipitishia uwazini. Hivyo nawasikia wote, na wao hawanioni ninapowacheka. Wa kwanza ni Marhoon, tunamwita Redio, kwa sababu analala na redio sikioni na asiyoyasikia huyaongeza mwenyewe. Wa pili Mahfoudh, Mwalimu Methali. Alikuwa karani wa forodha; methali anazijua zote, pa kuzitia ndipo hapajui. Wa tatu Harub, jina lake la barazani Kiapo, maana hata akikataa kikombe cha pili hukikataa kwa kuapa.

Alkhamisi moja alikuja Thabit, anayefanya kazi nyumba ya simu, zile za maandishi. Hakukaa. Alisimama na tumbo lake katikati ya njia, akasema:

— Ami Harub, London wameuliza tena. Kheiria anataka jibu. Leo tunafunga adhuhuri, na kesho Ijumaa.

— Jibu la nini? akauliza Marhoon, kwani jambo lisilomhusu humuwasha.

Harub akakohoa. Nilipoona kikohozi kimekuwa kirefu, nikamsemea miye kutoka mlangoni. Binti yake Kheiria, mwanawe wa pekee, alikwenda Uingereza kusomea uuguzi kabla ya zahama ya Unguja, na tangu hapo baba na mwana hawajaonana. Sasa amepata livu, ndiyo likizo ya kazini, na livu hiyo haipitishi London. Anakwenda kisiwa kinaitwa Trinidadi, huko upande wa pili wa dunia, na anataka baba yake amfuate wakapumzike mwezi mzima. Tiketi ya ndege ipo tayari.

— Kupumzika! akasema Harub. Mtu hupumzika na kazi. Miye tangu mwaka wa sitini na nne nnafanya nini? Nnapumzika. Kisha mnajua nna kiapo.

Tunakijua, nani asiyekijua. Ameapa kuwa mguu wake hautakanyaga kisiwa chochote tena mpaka azikwe, kwa sababu kisiwa, anasema, ni mahali ambapo ukifukuzwa pa kukimbilia ni majini.

— Ulipotoka Unguja ulikwenda wapi? akauliza Marhoon.

— Mombasa.

— Mombasa si kisiwa?

— Niliapa baada ya Mombasa.

— Na ndege iliyokuleta huku ilitua wapi?

Harub akanywa kahawa ambayo haimo kikombeni.

— Bahreni. Lakini sikutoka uwanjani.

— Ulikunywa chai?

— Nilikunywa.

— Basi ushakanyaga kisiwa na ukakinywea chai. Kiapo hicho maiti, kioshwe kizikwe.

— Mficha uchi hazai, akasema Mahfoudh.

Hakuna aliyemuuliza uchi na Bahreni wamekutana wapi. Tumeshazoea.

— Mas-ala si kiapo, akaendelea Marhoon, ameshajiweka sawa kama mtu anayeanza kusoma khabari. Mas-ala ni huko Trinidadi utafanya nini. Wenzako wakenda visiwa vile wana mambo yao ya kufanya, na ukifika hujui utaaibika. Miye nimeyasikia. Kwanza wanajianika.

— Wanaanika nini?

— Wenyewe! Wanalala mchangani kama karafuu kwenye jamvi. Asubuhi tumbo, mchana mgongo. Wakiiva wekundu ndiyo livu imekubali, wanarudi makwao kujionesha.

— Na sisi tulioiva tangu tumboni mwa mama zetu?

— Weye utakaa kivulini uwageuze.

— Na mvua ikija, nikasema miye, nani anawaanua?

Marhoon akajifanya hakusikia. Redio haijibu, hiyo ndiyo raha yake.

— Pili, wanakunywa madafu.

— Madafu! Harub akageuka mzima mzima. Nivuke bahari ngapi, nikanywe dafu? Shamba langu la Mangapwani nlikuwa nikipita chini ya minazi nimeshika kichwa yasiniangukie!

— Yale yako yalikuwa madafu ya kienyeji. Haya yanatiwa mwavuli juu, kidogo hivi, wa karatasi.

— Mwavuli wa nini?

— Jua. Dafu lisiharibike.

— Kwani juu ya mnazi lilikuwa na mwavuli?

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, akasema Mahfoudh, akasogeza kikombe chake uwazini nimtilie tena.

Thabit akatazama juu, kuona jua limefika wapi.

— Ami, nimjibu nini?

— Ngoja kwanza, akasema Marhoon. Hajasikia khabari ya ziwa. Pale Trinidadi lipo ziwa la lami. Si maji, lami! Nyeusi, inachemka yenyewe kutoka ardhini, na watu wanatoka miji mikubwa kwenda kuitazama.

Hapo hata miye niliweka birika chini. Maskati yetu hii, ukitoka na gari hapa mpaka ufike Matrah na kupindukia kidogo, lami imekwisha, unakula vumbi mpaka mwisho wa safari. Na wenzetu wanalo ziwa zima la kutazama.

— Basi Harub akachote ndoo mbili, nikasema, atutilie hapa mlangoni.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Mahfoudh, na siku hiyo nusura apatie.

— Kisha kuna chombo, akasema Marhoon, kina kioo chini. Unakaa ndani, unatazama samaki wanapita chini ya miguu yako.

— Samaki wa kuvua?

— Wa kutazama tu.

— Wakishatazamwa?

— Wanaachwa.

Harub akakiinua kikombe chake, akakitazama kitakoni. Nafikiri jambo hilo lilimuumiza kuliko lami.

— Chombo chenye kioo ngamani, akasema, nahodha wake ana akili?

— Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, akasema Mahfoudh. Ndiyo maana wametia kioo pale, mtu aone anakorejea.

— Na jioni wanapiga mapipa, akasema Marhoon, ambaye sasa hakuna wa kumzuia. Mapipa ya mafuta! Wanayakata, wanayagonga chini, yanatoa nyimbo. Hapa kampuni ya mafuta ikitupa pipa sisi tunatilia maji. Mapipa yakilia, unawekewa ufito, hivi, usawa wa kifua, na wewe unapita chini yake kwa mgongo. Ukipita, wanaushusha. Unapita tena. Mwisho upo usawa wa goti.

— Na mgeni naye anapita?

— Mgeni ndiye wa kwanza! Ukikataa umewatukana wenyeji.

— Miye kurukuu ni tabu, akasema Harub. Nisujudu kinyumenyume, mbele ya mapipa, mbele ya mwanangu?

— Na wenyeji watakucheka, lakini si kwa ubaya. Wameajiriwa kucheka. Serikali ya kule imeweka watu kila pembe, kazi yao ni hiyo, ukipita wanacheka, wanakupungia mkono. Akionekana mmoja amenuna anahamishwa bara.

— Kule kwetu tulichekeana bure, nikasema, na mmeona tulikofika.

Wote watatu wakatazama chini. Sikusema ili watazame chini. Nilisema kwa sababu ni kweli, na kahawa ilikuwa inapoa.

Harub akasimama, akajikung'uta kanzu ambayo haikuwa na vumbi.

— Thabit. Mwambie Kheiria baba yake hawezi. Mwambie miguu. Akishatembea huko, akipenda, aje huku, kama ruhusa ipo. Miye mambo ya kuanikwa na kutambaa chini ya vijiti hayanihusu.

— Kweli, Ami?

— Wallahi.

Wakati Thabit anageuka ndipo alipoingia uchochoroni mwanamke mwenye furushi kubwa la gunia kichwani, na harufu yake ikamtangulia. Hatukuwa tumemwona kabla. Akatua furushi barazani bila kuomba ruhusa, akasema kwa Kiswahili cha Kipemba kilichonyooka:

— Papa mkavu wa Yiti. Nani ananunua?

— Bibi, Kiswahili umekipata Yiti? akauliza Marhoon.

— Nimekipata Wete nilikozaliwa. Yiti nimepata mume. Jina langu Shaikha. Mnabishana nini mpaka nimewasikia kule langoni?

Wakamwambia wote kwa pamoja: binti, livu, madafu, lami, kioo, mapipa, ufito. Shaikha akasikiliza huku anafungua gunia. Walipoishiwa pumzi akamtazama Harub.

— Na huko unafikia kwa nani?

Jamani. Kwetu mtu akikwambia nasafiri, hata kama anakwenda Chake na kurudi, hilo ndilo neno la kwanza kumuuliza. Asubuhi nzima tumeuliza mwavuli wa dafu. Neno moja tu, livu, lilikuwa limetupumbaza, miye nikiwa mmoja wao.

— Kuna daktari, akasema Harub. Wanafanya kazi hospitali moja. Muislamu, asili yao Wahindi waliohamia kule zamani. Mama yake ana nyumba kubwa, ndipo tutakapofikia.

— Na Kheiria kaolewa?

— Bado.

— Na huyo daktari, mkewe nani?

Marhoon akafungua mdomo, mdomo ukabaki wazi bila khabari. Mahfoudh akatafuta methali, nikamwona anatafuta kweli, macho juu, na hakupata. Thabit akasoma vidole vya miguu yake. Miye nyuma ya mlango nikakiona kile tulichokipita asubuhi nzima.

Binti aliyelelewa hamwambii baba yake, Baba, nataka mume. Hata kadhi akimuuliza, hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake. Kazi ya kusema ni ya washenga. Sasa washenga wa Trinidadi wangeujuaje uchochoro huu? Na bila ya walii nikaha ingefungwaje, na walii ni baba, na baba yupo hai, amekaa kwenye baraza yangu anaapa? Mtoto katumia alichonacho. Kaita livu.

Harub akakaa taratibu, kama mtu anayekaa kwenye maji ya baridi.

— Na miye nlitaka kumwambia miguu, akasema.

— Ushamwambia, nikasema. Thabit ndiye hajafika nyumba ya simu.

— Na nisipokwenda?

Hapo Mahfoudh akajibu bila methali, mara ya kwanza tangu nimjue.

— Atamwomba kadhi wa huko asimame pahala pako. Au atangoja. Kheiria ana umri gani, Harub?

— Thelathini na mbili.

— Basi ameshangoja.

Kwa mbali muadhini akaanza kusafisha koo. Thabit akatoa kalamu sikioni.

— Ami, sema upesi, na yawe maneno machache. Simu haitaki hadithi.

Harub akafikiri. Akakunja mikono ya kanzu, akaikunjua.

— Andika: Nakuja. Daktari anipokee mwenyewe.

— Basi?

— Basi. Akilisoma neno daktari atajua kuwa najua, na hatakuwa na haja ya kuona haya kunieleza. Na huyo kijana aje peke yake uwanjani, asimtume dereva wala ndugu yake. Nataka kumtazama anavyonipokea mzigo. Mtu hujulikana anavyobeba mzigo wa mzee.

Thabit akaondoka mbio, na kwa tumbo lile mbio zake zilikuwa jambo la kutazamwa. Marhoon alitaka kujua kama kiapo kina kafara. Mahfoudh akamwambia kina, kalishe masikini kumi, na yeye mwenyewe Mahfoudh anaweza kuhesabiwa mmoja.

Harub hakuwasikiliza. Alikuwa ameinama juu ya gunia la Shaikha, anawageuza papa mmoja mmoja, anawanusa. Akamtoa mkubwa kuliko wote, mkavu kama ubao, unamnusa tangu kule mwisho wa uchochoro.

— Huyu.

— Huyu wa nini? akauliza Marhoon.

— Unakwenda kwa wakwe mkono mtupu?

— Harub, hutapanda na huyo kwenye ndege! Rubani mwenyewe atashuka!

— Ashuke. Mama mtu nitampa mkononi. Na huyo daktari atakaa mbele yangu, apikiwe, ale. Akila, nafungisha nikaha siku hiyo hiyo. Akiziba pua, narudi na mwanangu.

Nikalipindua birika, likatoa tone moja la makapi. Nikamwambia Shaikha amfunge huyo papa magunia matatu, moja juu ya jingine, na akaze kamba. Mchumba naye apewe nafasi.