Mtu wa Vikombe Vitatu: Tunamkumbuka Moffat Gathogo wa Tetu

Wasikilizaji wapendwa, aliye na chai jikoni aipunguzie moto kidogo, tuongee habari za mtu. Mtu huyu ni Moffat Gathogo wa Tetu. Alizikwa Jumamosi iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minane. Kazi yake ilikuwa kutenga kuvu. Nasema tena, kutenga kuvu, kama wewe unavyotenga maharagwe kwenye ungo, mekundu huku, meupe kule.

Kuna kuvu inayoishi udongoni. Haionekani kwa macho. Inaingia kwenye mzizi wa nyanya, inapanda na njia ya maji, inaiziba. Asubuhi mmea umesimama vizuri. Saa sita majani ya upande mmoja yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Ukinyunyiza dawa, haiifikii. Na ikishaingia shambani, inakaa miaka na miaka.

Shiro, mke wake, hakuielewa kazi hiyo kwa miaka mingi.

"Baba Ben, si kuvu ni kuvu tu?"

"Ziko tatu."

"Na unazijuaje kama hazionekani?"

"Nyanya ndizo zinaniambia."

"Haya. Siku kabeji nayo ikianza kukuambia, nijulishe nimwite pasta."

Gathogo akacheka, akapanga vikombe vitatu vya chai mezani. Akasema, huu ni udongo wa shamba moja. Cha kwanza nimepanda nyanya isiyo na kinga. Cha pili, nyanya iliyo na kinga. Cha tatu, iliyo na kinga zaidi. Ikifa ya kwanza peke yake, hiyo ni kuvu aina ya kwanza. Zikifa mbili, ni aina ya pili. Zikifa zote tatu, ni aina ya tatu, na hiyo ndiyo mbaya. Shiro akatikisa kichwa kama ameelewa. Akachukua vikombe, akavimiminia chai.

Sasa wasikilizaji, hapa ndipo penye kunitatiza hata mimi. Nyuma ya jikoni Shiro alikuwa na nyanya nzuri sana, mistari minne. Miaka sita iliyopita zilinyauka katika wiki moja. Gathogo alichukua udongo kidogo akaenda nao kazini. Jioni moja, wiki kadhaa baadaye, alirudi akashika jembe. Aling'oa kila kitu, akachoma, akasema, "Hapa nyanya basi." Na kutoka siku hiyo jembe la nyumba hiyo halikuazimwa. Wilbaro ya kubebea mbolea haikutoka. Hata mche wa sukuma wiki hakumpa mtu.

Jirani yao, Kahiga, alikuja kuazima jembe akarudi mikono mitupu. Akamwita mchoyo, na jina likashika. Shiro alipokwenda kwa Kahiga kununua nyanya, alipimiwa pamoja na maneno: "Mama Ben, bwana yako anajua nyanya ndani na nje, na wewe uko hapa kwa foleni yangu."

Shiro alilipa akarudi nyumbani. Akimwuliza mumewe, anaambiwa, "Udongo umechoka." Udongo gani unaochoka kwa nyanya na kuzaa mahindi? Ati umechoka. Akaacha kuuliza.

Gathogo alifariki Jumatatu, moyo ulisimama akiwa kazini. Alhamisi mchana akaja Mwende, msichana wa Ukambani aliyefanya naye kazi maabara. Alileta miwani ya Gathogo na daftari lake. Shiro akamwomba amsomee, apate kitu cha kusema kwenye mazishi. Mwende akasoma. Shamba la fulani, aina ya kwanza. Shamba la fulani, ya pili. Akafungua ukurasa mmoja, akataka kuupita.

"Soma tu, mwanangu."

"Mama, imeandikwa Nyumbani. Aina ya tatu. Ni miaka sita sasa. Hakuna shamba lingine upande huu wote liko nayo."

"Na ilitoka wapi?"

"Ameandika, 'Viatu vyangu.' Halafu chini yake, 'Shiro asiambiwe.'"

Shiro hakuelewa. Asiambiwe kwa nini? Mwende akauliza polepole, "Mama, viatu vyake vya kazi vilikuwa vinaoshwa wapi?"

Hapo Shiro akaligeukia karai lake. Kila jioni alipokea viatu vya mumewe vyenye matope ya mashamba ya watu wa mbali. Aliviosha kwenye karai, akavianika. Na maji ya karai, kwa sababu maji hayatupwi ovyo, alikwenda kuyamwaga kwenye nyanya zake.

Mwende akaendelea kusoma. Gathogo alipima kila mwaka. Mvua imeteremsha udongo, kuvu imefika hadi kwenye migomba ya chini. Shamba lote si la kuaminiwa.

Na Jumamosi ingefika, kaburi lichimbwe papo hapo shambani. Mnajua desturi yetu. Jirani haji kuzika mikono mitupu, anakuja na jembe lake. Majembe ishirini, thelathini, yataingia udongo ule na kurudi makwao, kwa nyanya za watu. Akinyamaza, majirani watarudi nyumbani na kuvu. Akisema, mtu aliyezunguka mashambani miaka yote akiwaambia watu waoshe viatu atazikwa kama aliyeleta ugonjwa. Siku mbili Shiro alizunguka na swali hilo. Aliweka chumvi kwenye chai ya wageni, na wageni wakainywa kwa heshima.

Jumamosi, kaburi lilipokwisha kufunikwa, aliinuka.

"Msiende bado. Shamba hii iko na ile kuvu mbaya. Viatu ni vya Baba Ben, lakini maji ni mimi nilimwaga. Alijua, akanificha. Ndio maana jembe hakuwa anapeana. Nawaomba muoshe majembe hapa langoni. Na viatu."

Watu wakatazamana. Kahiga ndiye aliyeanza kusema. "Kwa hivyo miaka sita nilikuwa naita mtu mchoyo na yeye ananichungia shamba?" Akavua viatu vyake vya kanisani, akainama kwenye karai la maji ya Jik, ile dawa ya kufulia, lililowekwa langoni, akaanza kusugua. Pasta akafuata, soksi mkononi.

Nilimwuliza Shiro kama sasa ameelewa. Akasema hapana. Hajui kama mumewe alinyamaza kwa upendo au kwa aibu. "Angeniambia tu," alisema. "Ningelia siku mbili. Ya tatu tungecheka."

Kwa Mama Ben, kwa Ben na nyumba yote ya Gathogo pale Tetu, poleni sana. Mungu awakalie karibu, hata saa ile wageni wamekwisha kuondoka. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkitoka shamba la mwenzenu, geuzeni kiatu mtazame soli. Na kama kuna jambo umemficha mtu wako ili asiumie, lifikirie tena. Mwambie angali anaweza kukukasirikia, nawe ungali unaweza kumsikia.