Uji Nilioumwaga Kagunga

Wenzangu wa kikundi cha wenye sukari hapa Gungu, nawasalimu. Mama mwenyekiti kanionya nisihubiri, nieleze tu yaliyonipata. Nitajitahidi.

Kabla ya kukimbia Burundi nilikuwa maabara, chuoni, tukibuni dawa ya sukari. Ndugu zangu, ugali ukifika tumboni kuna vimeng'enya vinavyoukatakata uwe sukari. Sisi tulitengeneza unga wa kuvizuia, vikate polepole, sukari isipande ghafla. Ndani ya chupa ulikubali: tulitia wanga, kimeng'enya na unga wetu, tukadondoshea ayodini, rangi ya buluu ikabaki. Maana yake wanga haukukatwa. Tukashangilia kama watoto, na hata panya alikuwa bado hajaonjeshwa.

Nchi ikachafuka. Nikamchukua mama yangu, naye ana sukari, tukavuka mpaka hadi kijiji cha Kagunga, upande huu wa Tanzania. Watu walijaa ufukweni, hakuna pa kukanyaga. Vidonge vyake vikaisha. Kiu haikatiki, kidonda cha mguu kikaanza kunuka. Boti za kwenda Kigoma zilitanguliza wajawazito na wenye watoto wachanga. Nami sikumwambia mtu kwamba mama ana sukari. Niliona haya, msomi mzima wa ugonjwa huo, kazi yangu kumfukuzia nzi mguuni. Sikuwa na la kufanya, jamani. Nilishindwa kabisa.

Kichupa cha unga kilikuwa kimebaki mfukoni mwa koti langu. Mama akakiona.

"Mwananje, mwanangu, si ndiyo dawa yako hii?"

"Haijapimwa, mama."

"Nani atakuja kuipima huku, nami nakufa?"

Akaumimina mwenyewe kwenye uji, akanipa kikombe. Mnaijua desturi yetu, Waha na Warundi: mwenye kinywaji huonja kwanza, ndipo mgeni anywe bila wasiwasi.

"Ni chako. Onja, nami ninywe."

Nilikifikisha mdomoni. Nikakishusha bila kuonja. Nawaambia kweli, niliogopa kufa. Nikasema, "Mama, siijui dawa hii." Tukalia wote wawili. Uji ule nikaumwaga mchangani, na njaa ile tuliyokuwa nayo.

Kilio kikamleta mama mmoja mwenyeji, muuza dagaa. Akauliza kulikoni, nikamweleza yote. Akanigombeza: "Mgonjwa wa hivi unamficha? Sasa nani angejua?" Akaenda kuzungumza na wenye boti, na siku hiyohiyo tukapandishwa. Hospitali walimkata vidole vya mguu, lakini sukari ikashuka, mama akaishi.

Namshukuru muuza dagaa yule, popote alipo. Nawashukuru wauguzi, na ninyi mliomkaribisha mama kikundini akiwa mgeni, tena mwenye maneno mengi. Mkiuziwa dawa mpya pale Mwandiga, muulizeni muuzaji imepimwa kwa nani. Akianza kupiga porojo, ondokeni. Na mwenye mgonjwa aseme mapema; mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Mimi kiliniumbua, ndicho kilichotuokoa.

Jambo la mwisho. Baadaye sana mwenzangu wa maabara alinipigia simu. Panya walikuwa wamelishwa unga ule, nao maini yao yakaoza. Nilimwendea mama, nikamsimulia. Alikuwa anachambua mchele. Akaacha, akanitazama usoni.

"Ungeonja," akasema, "ningekunywa."