Fundi wa Mlango wa Pembeni

Mchungaji, mama yetu mpendwa, ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza baba: poleni, na asanteni. Mimi ni binti yake wa kwanza. Kabla sijaanza, naomba mweke kando ile karatasi ya rangi yenye picha ya baba na maneno "Shujaa wa Subira". Hiyo ni ya kamati ya mazishi. Ya familia ni hii nyeupe, tuliyoichapa jana mbio mbio. Naisomea hapa kwenye ngazi, jeneza likiwa bado nje, na sababu mtaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1944, katika chumba kimoja kilichokuwa nyuma ya nyumba ya matajiri ambao bibi yetu aliwafulia nguo. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yake alifariki yeye angali mchanga, kwa hiyo aliyemlea ni mama yake, kwa mikono iliyokuwa imechubuka kwa sabuni mwaka mzima.

Alianza shule mwaka 1952 na kumaliza darasa la nane mwaka 1959. Katika ripoti yake ya mwisho mwalimu wa dini aliandika hivi: "Ana akili, lakini anauliza." Marehemu aliifurahia sana ripoti hiyo, akaitengenezea fremu ya mbao na kuitundika sebuleni. Mgeni akija, kabla hajapewa hata maji, alisomeshwa ripoti.

Mwaka 1960 mjomba wake alimchukua kumfundisha useremala. Wakati huo mji wetu ulikuwa na kanuni iliyosema kwamba wafanyakazi wa ndani, vibarua na wafagiaji wapite mlango wa nyuma kila waendako, iwe posta, hospitali au dukani. Kanisa hili lilipojengwa mwaka 1963 nalo lilifuata kanuni hiyo. Mjomba alipewa kazi ya milango. Ule mkubwa aliutengeneza mwenyewe, na ule wa pembeni akamwachia mpwa wake, uwe kazi yake ya kwanza peke yake. Marehemu aliufanyia kazi siku kumi na moja. Aliupiga msasa mara tatu. Hakuuliza ni wa nani, yeye aliyekuwa bingwa wa kuuliza.

Kanisa lilifunguliwa Jumapili tarehe 6 Oktoba 1963. Marehemu alimshika mama yake mkono amlete aone kazi yake. Walipofika kwenye ngazi hizi, mhudumu mwenye utepe mwekundu mkononi alimtazama bibi viatuni, kisha akaelekeza kidole kule kwenye kona. Bibi hakubishana. Alizunguka, akaukuta mlango, akaupapasa, akamwambia mwanawe, "Mlango mzuri, mwanangu. Haukwaruzi." Marehemu alitusimulia kisa hicho mara nyingi, na kila akifika hapo alitoka nje, akarudi baada ya muda akiwa amenawa uso.

Kuanzia siku ile alianza kufikiri, na mawazo yake aliyaandika kwenye daftari la kurasa thelathini na mbili, ambalo watu walinakili kwa mkono na kupeana vibarazani. Nimesikia wiki hii likiitwa "hazina ya taifa" na watu ambao hawajawahi kulifungua. Basi niwasomee kidogo. Ukurasa wa kwanza: "Mlango ule haukushushwa na malaika. Niliutengeneza mimi, kwa randa na gundi. Sheria nayo ni hivyo hivyo. Kuna mtu alikaa chini akaiandika, akanywa chai, akaenda kulala. Kilichotengenezwa na mtu, mtu anaweza kukifumua." Ukurasa wa tisa, kwa wahubiri waliosema usawa tutaukuta mbinguni: "Kama kule mlango ni mmoja, huku ramani ya miwili mmeitoa wapi?" Na ukurasa wa ishirini, kwa vijana waliotaka kurusha mawe: "Ukivunja kioo, watazungumzia kioo mwaka mzima, na mama yangu watamsahau." Hakuwachukia waliomdharau. Ila alikataa katakata kushirikiana nao katika dharau yao, na alisema mtu anayetii kanuni ya aina hiyo anaitengeneza upya kila siku.

Jumatano tarehe 14 Aprili 1971, mchana kweupe, alikuja na mbao mbili na nyundo akaupigilia misumari mlango wake mwenyewe. Mhudumu wa utepe mwekundu alikimbia kuita polisi. Marehemu alifungwa miezi minane kwa kuharibu mali ya kanisa, na baraza la wazee likamfuta kwenye kitabu cha washirika. Ile karatasi ya rangi inasema kwamba mwaka huo "alipumzika huduma". Sentensi hiyo niliisoma juzi, nikaikata kwa kalamu, sitaki kuwaficha. Mtu analala kwenye sakafu ya saruji, anarudi nyumbani kikohozi hakimwachi, halafu mnaandika kwamba alipumzika!

Tangu Jumapili tarehe 19 Desemba 1971 alisimama hapa kwenye ngazi, nje ya mlango mkubwa, kila ibada. Mlango mkubwa hakuruhusiwa, na wa pembeni hakuutaka. Mwanzoni walisimama naye watu zaidi ya mia mbili, na nyimbo zao ziliwashinda waliokuwa ndani. Kanuni ya mji ilifutwa Machi 1980. Wengi waliingia, na hakuwalaumu. Yeye alibaki, kwa sababu mlango wa pembeni haukufungwa. Walibadilisha lugha tu, wakauita "wa kurahisisha", na mfagiaji akifika bado aliinuliwa kidole. Baba alisema, "Nitaingia siku ambayo hakuna anayeelekezwa kule." Miguu ilipochoka alijitengenezea kigoda, na watoto wa mtaani wakamwita Mzee Ngazi.

Alimwoa mama Jumamosi tarehe 8 Septemba 1973. Mama alikuwa mfanyakazi wa ndani, mmoja wa wale mia mbili. Mchungaji wa wakati ule alikubali kuwafungisha ndoa, ila kwa kusimama ndani huku wao wakiwa nje. Mvua ikaanza. Mchungaji, aliyekuwa mkavu, akawa anasoma taratibu. Mama akamkatiza: "Mchungaji, mimi nimekubali na yeye amekubali. Ruka mbele, gauni hili la kuazima." Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka mmoja mlango mkubwa ulivimba kwa mvua ukagoma kufunga. Wazee wa kanisa walimjia kwa unyenyekevu mkubwa, wakamwomba fundi awasaidie. Aliukagua kutokea nje, akaupigapiga, akawaambia, "Mlango huu hauna ugonjwa. Ukikataa kufunga, uacheni wazi."

Agosti 2023 madaktari waliona mapafu yake yamechakaa, kwa vumbi la mbao na kwa kile kikohozi cha gerezani. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alimtembelea wodini mwezi uliopita, akiwa na mpiga picha. Baba aligeukia ukutani, akasema, "Mwambieni nimelala." Mwenyekiti akamchungulia, akasema, "Lakini mzee, macho yako wazi kabisa." Baba akajibu, "Ndiyo ninavyolala ukiwepo." Alifariki Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Niseme sasa kwa wasiojua: mwenyekiti huyo ndiye mhudumu wa utepe mwekundu. Ni yule yule. Leo amekaa kiti cha mbele hapa nje na amevaa fulana yenye uso wa baba na maneno "Alitufundisha kusubiri". Mzee wangu, nakuheshimu kwa umri wako, lakini fulana hiyo inanichefua. Baba hakumfundisha mtu kusubiri. Kusubiri ndiko mlikomwambia nyinyi, miaka yote hii, kila alipouliza. Yeye alisimama mlangoni pamoja na waliokataliwa, mkamwona amesimama, mkadhani anangoja zamu yake. Mlimfunga akiwa hai na sasa mnamvaa kifuani. Nimekosa neno la adabu la kuliita jambo hilo, kwa hiyo naendelea.

Ninayosoma sasa hayamo kwenye karatasi zenu. Nimeyaandika asubuhi hii nyuma ya bahasha. Saa mbili na nusu walifika akina mama wanaofagia soko, wakiwa na sare zao kwa sababu wametoka kazini moja kwa moja. Kati yao yupo mama aliyemletea baba chai hapa kwenye ngazi kila Jumapili kwa miaka kumi na tisa. Mhudumu mmoja wa leo aliwaambia, nami nikiwa nimesimama pale, "Akina mama, pitieni pembeni. Huku ni familia na wageni waalikwa." Na wakapita! Kwenye mazishi yake! Nusura niache kila kitu nimrudishe baba nyumbani.

Nilikwenda kwa mama. Amekaa pale, kwenye kigoda cha baba, mnamwona. Akaniambia, "Usipige kelele, mwanangu. Nenda kafungue lile sanduku lake la vifaa." Chini ya randa nilikuta mbao mbili zimetobolewa tayari, skrubu kumi na mbili kwenye mfuko, na vipimo kwa penseli. Vilikuwa vipimo vya mlango wa pembeni, alivyovikumbuka tangu ujana wake. Ubavuni mwa ubao ameandika: "Safari hii skrubu. Misumari waliing'oa." Nilimpelekea mchungaji wetu wa sasa ubao huo, nikamwomba ruhusa. Alisoma, akanipa ufunguo wa mlango ule, akasema, "Dada, mwaka wa kwanza nilipofika hapa ilinipasa kuufunga. Nisamehe."

Kwa hiyo utaratibu wa leo umebadilika. Shangazi amekwenda kuwatoa akina mama wa soko, na ndio hao wanakuja kwenye kona. Wao watatangulia kuingia kwa mlango mkubwa. Wageni waalikwa watafuata, tukipata nafasi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na mafundi kumi na wanne aliowafundisha kazi. Wawili kati yao wako kwenye mlango wa pembeni hivi sasa na drili na zile mbao mbili. Msishtuke mkisikia kelele. Jeneza halitanyanyuliwa mpaka skrubu ya kumi na mbili ikazwe, na mwenye haraka anaweza kwenda.

Baba, ukishaingia, upumzike kwa amani.