Mama Misimbo na Mstari wa Mafundi Saa

Tarehe 30 Juni, Mama Misimbo anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu ya usajili wa biashara kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa karani wa masijala, akajifunza kompyuta kwa kukodolea macho skrini za wenzake, na anatuaga akiwa msimamizi wa kanzidata, yaani ghala la taarifa zetu zote kwenye kompyuta.

Jina hilo alilipata tulipohamia mfumo mpya. Kanzidata ilikuja tupu kama nyumba isiyo na mpangaji. Kabla ya biashara yoyote kusajiliwa, ilibidi kwanza ipakiwe misimbo, yaani namba zinazoonyesha kila biashara ni ya shughuli gani: kulima, kushona, kusafirisha mizigo. Kazi hiyo akapewa yeye. Mara ya kwanza kompyuta ilimeza sifuri zote za mwanzo wa namba, na kwa kuwa misimbo ya kilimo ndiyo huanza na sifuri, wakulima wote wakapotea. Aliporekebisha, faili likapakiwa mara mbili, tukawa na waoka mikate pacha. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaandika upya maelekezo ya kompyuta ya kupakia misimbo ili hata ukiyaendesha mara kumi, kila msimbo ubaki mmoja. Mpaka leo hatujayagusa.

Ila kuna siku hakucheka. Orodha ilipopitiwa upya, mkurugenzi wetu wa wakati huo alitaka kazi ndogondogo ziunganishwe chini ya "Nyinginezo". Mafundi saa walikuwamo. Wengi wetu tulijua kwamba marehemu mumewe alikuwa fundi saa, na kwamba alifariki kabla hajakisajili kibanda chake. Mama Misimbo alisimama kikaoni.

"Bosi, mume wangu alinioa kwa kazi hiyo, akalea watoto kwa kazi hiyo. Leo niiandike nyinginezo? Samahani, mkono wangu hautaweza."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa, akasema mstari wa mafundi saa ubaki kwenye orodha.

Mchana huo aliupakia mwenyewe, akauita kwenye skrini, akakaa akiutazama hadi chai yake ikapoa. Nilimuuliza kama kuna kosa. Akasema hapana, anamwangalia tu mzee wake.

Tangu hapo, fundi saa yeyote akija kujisajili, dada wa kaunta humwita Mama. Hushuka ngazi, humsalimia fundi, humuuliza habari za macho yake, maana kazi ile huchosha macho. Kisha hurudi juu kwenye kiti chake karibu na dirisha.

Sasa anakwenda kuishi kwa binti yake mkubwa, ambako wajukuu wameshaanza kugombana nani atalala na bibi. Sisi tunabaki na kiti kile, na hadi leo hakuna aliyethubutu kukiomba.

Mama yetu, asante kwa subira yako na kwa vicheko vyako. Mungu akujalie afya, usingizi mnono na wajukuu wasikivu. Ukipata nafasi, pita utuone. Hata kama huna shida yoyote huku, wewe pita tu.